Sauti ya Ami Salmin Ufukweni

Tarehe thelathini Aprili, Ami Salmin Bahaj anakabidhi funguo za basi la kituo chetu cha mapokezi, hapa pwani ya Shabwa, upande wa Waarabu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kubeba watu waliotemwa na bahari. Wakubwa wamesema niandike mimi wa jikoni, eti kwa sababu nasema sana. Haya.

Alianza na gari la samaki la kuazima. Wageni wakafika wananuka kuliko walivyotoka majini. Basi likaja baadaye. Amri ya serikali ilikuwa hii hii: Msomali anapokewa papo hapo, Mhabeshi ahojiwe kwanza. Mchana mmoja ofisa akamwambia apakie Wasomali tu, wengine wangoje juani.

"Bwana mkubwa, basi hili halijui kabila. Linajua viti."

"Utafukuzwa kazi wewe!"

"Nifukuze, lakini nikishawafikisha kivulini."

Hakufukuzwa. Tangu hapo watu huhojiwa kituoni, baada ya maji na chai ya maziwa.

Lakini sifa yake kubwa ni sauti. Sisi kina mama tuliotangulia kuvuka tulimpa majina ya watoto tuliowaacha nyuma, naye kila mashua ikitua huyaita kabla hajawasha gari, kama mnadi samaki. Kijana wa Halimo, mama anayetufulia nguo, aliitika maji yakiwa bado kiunoni. Wangu, Idil Warsame, bado. Nikisikia basi linakata kona, mwiko hunigandia mkononi. Ami hushuka wa kwanza, anatikisa kichwa: "Bado, Mama Idil. Bahari haijaisha."

Sasa kuna minong'ono kwamba wanaokuja kwa bahari watarudishwa. Mlango ni wa serikali, siwezi kuushika. Ila nilikosa usingizi nikiwaza, ukibaki wazi na Ami hayupo, nani atamwita mwanangu?

Juzi nikawakuta nyuma ya basi, Ami na Faraj, dereva mpya.

"Kwa kifua, bwana! Unamwita binti wa watu au unaomba chumvi kwa jirani?"

Faraj akavuta pumzi. "Idil Warsameee!" Shakwe wote wakaruka. Wali wangu ukaungua, na siku hiyo hakuna aliyenung'unika.

Ahsante, Ami. Nenda kwa bibi yako na mbuzi wako, Mungu akupe afya na uzee mtamu. Funguo rudisha, sauti baki nayo. Siku ukipita ufukweni ukakuta mashua inatua, ita.

Shukri Abdi, jikoni