Uso wa Petronilla kwa Rangi Nne

Benchi letu liko nje ya duka la kuchapa la Ojakol, hapa Malaba, mahali malori yanapopanga foleni kuelekea Uganda. Ojakol tunamwita Wino. Bwire, ajenti wa kupitisha mizigo forodhani, ni Kamishna, ingawa hakuna aliyemteua. Ogweno wa boda ni Refa, kwa sababu hakuna ubishi unaoisha bila yeye kuamua. Kahawa tulikuwa tukiuziwa na Petronilla, miaka nenda miaka rudi, mpaka figo zikamlaza, zikamuua. Siku ninayosimulia, ilibaki siku moja tu azikwe kwao Moding. Alasiri hiyo tulikunywa kahawa aliyoipika Refa, nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, huku Wino akichapa programu ya mazishi. Akatoka na karatasi mkononi, amenyong'onyea.

— Jina ilipotea, akasema.

— Ilipotea aje? Kamishna akauliza.

— Mashine yangu ni ya rangi nne, kila moja na pleti yake, bati ya kuchapia: buluu, nyekundu, manjano, nyeusi. Jina lake nililiweka maruni, ile ya kitambaa cha akina mama wa kanisa. Kompyuta ikaihesabu kama rangi ya tano, ikaitengea pleti yake. Hiyo ya tano sina pa kuiweka. Picha ikatoka, mwenyewe hana jina.

— Hiyo ya tano ni mgeni, Refa akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikaribishe.

— Nishaigawanya kwa zile nne. Jina limerudi. Shida sasa ni uso.

Tukaangalia. Uso ulikuwa kijivu, kama umepakwa majivu. Wino akatueleza kwamba picha ya simu ina rangi za skrini, si za wino, na kompyuta kwa kutozielewa ilikuwa imeirundika picha yote kwenye pleti nyeusi.

— Hiyo wino yako imetoka ng'ambo, Kamishna akasema. Mzigo ukivuka bila karatasi, lazima usumbue. Nimeona hata mahindi ikisumbua.

— Wino si ya ng'ambo, boss.

— Basi ni moshi ya hizi malori. Imeingia kwa kompyuta, imekaa hapo kwa rangi. Haba na haba hujaza kibaba.

Refa akatikisa kichwa.

— Ni Petronilla mwenyewe. Alikuwa hapendi picha. Mtu akikataa akiwa hai, akishakufa utamlazimisha aje? Mashine imemsikia.

Hakuna aliyecheka. Wino akarudi ndani, akaibadilisha picha iwe ya rangi za wino. Karatasi ya pili ikatoka na uso wa buluu. Picha hiyo ilipigwa chini ya hema la buluu kwenye harambee kule Amagoro, na kanisa halikupata nyingine. Akapunguza buluu, akaongeza nyekundu na manjano. Ya tatu ikatoka na uso kama tofali bichi.

— Hapo umempata, Kamishna akasema. Alikuwa maji ya kunde.

— Alikuwa mweusi, Refa akasema. Mimi ndio nilimpeleka hospitali na piki.

— Alikaa nyuma yako. Ulimwona saa ngapi?

Refa akajimiminia kahawa yake mwenyewe.

Ndipo akafika mwanamke mmoja amebeba begi, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye nyusi.

— Hapa ndio mnachapa ya Petronilla? Naitwa Brendah. Mimi ni mtoto yake.

Hatukujua ana mtoto. Akatueleza, akiwa bado amesimama, kwamba watu wa baba yake walimchukua akinyonya, wakaenda kumlea Soroti. Habari ya kifo aliipata kwa simu.

— Mochari wamenifunulia, akasema. Lakini amevimba. Wamesema hata aliyemjua hawezi kumtambua.

Wino akampangia zile karatasi tatu kwenye benchi, akimweleza kila moja ilivyotoka. Brendah akainama, akaziangalia moja baada ya nyingine.

— Kati ya hawa, mama yangu ni nani?

Kamishna akatoa simu, akatafuta. Malori, makontena, yeye mwenyewe mbele ya makontena. Refa alikuwa na picha ya birika la Petronilla, na mkono uliokatwa na ukingo wa skrini. Mimi nilifumba macho nimtafute. Kila asubuhi nilikunywa kwake. Nikaona kikombe kikinijia.

Wino akamwomba Brendah asogee penye mwanga. Akaweka karatasi ya tofali kando ya shavu lake, akaitoa. Akaweka ya buluu. Akaishusha pia.

— Sijui, dada, akasema. Tulikuwa naye hapa kila siku, na sijui.

Brendah akaokota ile ya kijivu.

— Chapa hii, akasema. Kwa hii hakuna mtu amekisia.

Wino akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani.