Vikohozi Alivyovikata Fundi Kimya

Wasikilizaji wapendwa, huo mnaousikia nyuma ya sauti yangu ni msumeno. Uani kwetu kuna karakana ya seremala, na leo tundu la hewa la studio liko wazi. Mlango nao uko wazi. Kwa miaka kumi na tisa hamjawahi kuusikia msumeno huo, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeuzuia usiwafikie. Mtu huyo tulimzika Jumanne.

Tulimwita Fundi Kimya. Alikuwa fundi mitambo wa kituo hiki, na amefariki akiwa na miaka arobaini na minane. Narudia kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi: Fundi Kimya, fundi mitambo wetu, amefariki akiwa na miaka arobaini na minane. Ameacha mke na binti mmoja. Ameuawa na kifua kikuu. Alikipata humu studioni, na leo sina budi kusema alikipata kwa nani. Nitasema. Ila tuanze na yeye, maana siku ni yake.

Sauti yangu mtaiona kavu. Sijalia. Pale msibani watu walinishika mikono wakidhani najikaza, kumbe mwenzao sisikii kitu. Chai nainywa na sijui kama ni ya moto au imepoa.

Kaka yake mkubwa, mpaka rangi wa majumba, alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukodi. "Nyumbani tulikuwa na redio moja tu," alisema. "Huyu akaifungua kwa mpini wa kijiko, amtafute mtu anayesemea ndani. Kuifunga akashindwa. Baba akaisikiliza ikiwa matumbo nje miaka mitatu. Na wala hakumchapa, eti ilikuwa inasikika vizuri kuliko mwanzo."

Hapa kituoni alikuja kutengeneza waya mmoja, akabaki miaka kumi na tisa. Jina la Kimya alipewa na waigizaji wa mchezo wa redio. Alikuwa akiinua kidole nyuma ya kioo, na ole wako kiti chako kilie. Wapo waliovuliwa bangili. Mimi nilivuliwa viatu. "Dada," aliniambia, "viatu vyako vina maneno mengi kuliko wewe." Na mimi, mnanijua, si mtu wa maneno machache.

Studio yetu ni chumba cha hatua tano kwa nne. Kuta zimebandikwa sponji, sakafu ina zulia, dirisha hakuna. Juu ya mlango lilikuwapo tundu moja la kutolea hewa, lenye feni. Feni ile ilikuwa ikivuma, na msumeno ulikuwa ukipita palepale. Basi Fundi Kimya akapanda kwenye kiti, akaizima feni, akakata kipande cha godoro, akakishindilia kwenye tundu mpaka kikakaa. Sote tulipiga makofi. Mkurugenzi alimpa barua ya pongezi. Tukirekodi, kiyoyozi tulikizima pia. Hata kikiwashwa, kile hakileti hewa mpya, huizungusha ileile ya ndani ikiwa imepoa. Hilo sisi hatukulijua. Tuliona baridi tukadhani ni usafi.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nikaanza kukohoa. Nilisema ni vumbi la zulia. Wiki ya tatu nikasema ni mafua. Nilikohoa wiki kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Wiki kumi na moja. Ninyi hamkusikia hata mara moja, na msijilaumu, maana hamkuweza kusikia. Kila kipindi tulikirekodi kwanza. Nikikohoa, Fundi Kimya aliinua kidole, nikanyamaza, nikarudia sentensi. Baadaye aliketi akavikata vikohozi vyangu kimoja kimoja, akaiunga sauti pasionekane mshono. Ikafika siku akahamia ndani kabisa, akakaa nami meza moja, aniwekee kipaza sauti pembeni ili kifua kisisikike. "Dada, leo umenipa thelathini na nne," alinitania. "Ningekuwa navichoma kama mahindi ningefungua genge."

Kwenye redio nilikuwa mzima kabisa. Chumbani hakuna aliyekata kitu.

Nilipokwenda kupima, nikaambiwa ni kifua kikuu. Muuguzi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinieleza taratibu. Ugonjwa huu hupita hewani. Unakohoa, au unaongea tu, unatoa vijidudu vidogo mno, na chumba kikiwa kimefungwa vinabaki vikielea saa nyingi. "Ni kama harufu ya kitunguu," alisema. "Mpishi ameshatoka, harufu bado ipo. Ukifungua dirisha inapungua." Dawa ni miezi sita. Ukizimeza sawasawa unapona, na mimi nimepona. Kisha akanipa karatasi. "Mama, niandikie kila unayekaa naye chumba kimoja. Wote waje wapimwe."

Nikaandika watu wawili wa nyumbani. Akauliza, "Na kazini?" Nikamjibu, "Kazini kila mtu ana ofisi yake."

Ofisi gani. Magoti yetu yalikuwa yakigusana chini ya meza.

Mtauliza kwa nini. Niliogopa kunyang'anywa hiki kipaza sauti. Niliogopa kuitwa yule mwenye kifua. Kituoni nikasema nina mzio wa vumbi, nikaomba likizo. Nikarudi nimenenepa, Fundi Kimya akafurahi kweli. "Sasa sina kazi," alisema. "Dada hukohoi tena, nitakata nini?" Nilicheka naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu utotoni tunaisema hiyo, lakini haituambii ni kifo cha nani.

Mwaka huu akaanza yeye. Alikuwa na kisukari, na kisukari na kifua kikuu ni watu wanaosaidiana vibaya. Alikonda. Mkanda alikuwa akiutoboa tundu jipya kwa msumari. Alinunua dawa za chupa dukani, nyekundu, halafu za kijani. Akitaka kukohoa alitoka nje ya studio, kwa heshima ya mitambo. Nikamwambia, "Kaka, nenda hospitali." Hilo nilimwambia, mara nyingi. Nenda kapime kifua kikuu, maana mimi nilikuwa nacho: hilo sikulisema. Sentensi moja tu, na mimi riziki yangu ni kusema.

Alipolazwa alikuwa amechelewa. Alikaa wodini wiki tatu. Nilikwenda siku ya tisa, nimejipanga, maneno nimeyabeba. Nikamkuta na mrija wa hewa puani. Akaniuliza nani yuko kwenye mitambo. Akaniambia kipindi cha Jumapili nilikuwa nimekaribia mno kipaza sauti. Nikasema, "Nitarekebisha." Nikaaga. Maneno yangu nikarudi nayo nyumbani.

Siku mbili baada ya maziko nilimwambia mkewe. Ni mshonaji wa sare za shule. Miaka yote, kwa kuwa mumewe aliniita dada, yeye aliniita wifi, na binti yao ananiita shangazi. Alikuwa anashona kola. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Mtangazaji, hayo uliyonieleza mimi yamechelewa. Kawaeleze wanaoweza kuyatumia." Hakuniita wifi. Yeye na binti wamepimwa. Binti ameanza dawa. Ana miaka kumi na sita, na anazimeza.

Mama mshonaji, binti yangu, na kaka mkubwa: poleni sana. Mungu awape subira, na amlaze marehemu mahali pema. Msamaha siwaombi hapa. Hapa kuna watu wengi wanasikiliza, nisije nikawalazimisha.

Wasikilizaji wapendwa, desturi ni kumaliza kwa kuwaomba mtafakari. Leo kutafakari hakutoshi, na kumbukumbu yangu ni nzuri. Kuanzia mwezi wa pili hadi katikati ya mwezi wa nne, mwaka juzi, waliingia humu akina mama kumi na wawili wa kwaya, wakaimba siku mbili mlango umefungwa. Waliingia watoto tisa wa chemsha bongo na mwalimu wao. Aliingia mzee aliyestaafu kazi ya reli. Aliingia mkunga na mtoto wake mchanga mgongoni. Waliingia waigizaji wote wa mchezo wa redio. Kama ni wewe, au ni mzazi wa mmoja wa watoto hao, nenda kituo cha afya kesho asubuhi, hata kama hukohoi. Watakuuliza ulikaa chumba kimoja na nani mwenye kifua kikuu. Usione haya kwa niaba yangu. Waambie ni mtangazaji wa kipindi hiki, na jina langu lote mnalijua.