Paini za Mwaka 36

Coaster ilipotoka Njombe, mzee mbele yangu alimwonyesha barua dada karani aliyeketi naye. "Mwanangu, chama chetu cha wakulima wa miti kinataka nikate paini zangu mwezi huu. Ni za kuvunwa 2036, wao wanadai zimechelewa tangu 1936. Baba yangu Ebeneza alikuwa hajaoa!"

Dada akacheka. "Waliandika 36 tu, baba. Programu za zamani za kompyuta, mwaka kuanzia 30 zinausoma kuwa wa karne iliyopita. Ingekuwa 29, zingeisoma 2029."

"Kumbe kesho zinaiamini, keshokutwa haziiamini."

"Usikate. Waambie waandike mwaka kamili."

Makambako tukasimama. Mzee akavuta kutoka chini ya kiti mfuko wa miche ya paini.

"Hii itakomaa 2044," akasema akishuka. "Kwa hesabu yao nimeshachelewa kuikata, na bado sijaipanda."