Mama Uliza Tena

Ijumaa ya tarehe 14 Juni 1996, saa nne asubuhi, fundi baiskeli mmoja mwenye haya kupita kiasi aliinua macho kutoka kwenye mnyororo, akaona kiti cha magurudumu mlangoni pa karakana yake. Aliyekisukuma alikuwa dada wa mwenye kiti, na gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Fundi akamuuliza dada, "Anakitaka lini?"

"Fundi," sauti ikatoka kitini, "miguu ndiyo imegoma, masikio yanafanya kazi. Niulize mwenyewe."

Fundi akainamisha kichwa, akauliza upya huku akiliangalia gurudumu.

"Haya, sasa anazungumza na tairi!"

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiti kilitengemaa siku hiyo hiyo. Hata hivyo kilirudishwa karakana mara tano mwezi ule kikiwa hakina ubovu wowote, na fundi hakulalamika.

Mwenye kiti kile ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Wazazi wake walitoka katika jamii ndogo ambayo lugha yake haisikiki maofisini. Watu wa kwao wakiulizwa hali na mgeni hujibu, "Mzima." Kumlalamikia mtu usiyemjua ni kukosa adabu. Akirudia kuuliza ndipo unasema ukweli, kwa kuwa aliyerudia anataka kujua. Marehemu alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali, akapelekwa zahanati. Muuguzi aliuliza mara moja, mama akajibu, "Mzima," nao wakarudishwa nyumbani. Siku ya nne miguu ya mtoto haikusimama tena. Mama mtu alijilaumu kwa neno lile mpaka anaingia kaburini, ingawa binti yake alimwambia kila mara, "Mama, wewe ulikuwa na adabu. Aliyekosea ni yule mwenye haraka."

Shule alianza mwaka 1979. Darasa la nne alilisoma mara mbili, si kwa kufeli, bali kwa sababu darasa la tano lilikuwa ghorofani. Mwaka huo wa pili ulipoisha, kaka yake mkubwa alisema basi, akambeba mgongoni ngazi zote ishirini na mbili, asubuhi na jioni, hadi akamaliza la saba. Kaka yupo hapa leo, na bado anadai mgongo unamuuma.

Alijifunza kushona kwa cherehani ya mkono, akafungua chumba chake cha ushonaji mwaka 1993. Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na fundi wa karakana. Posa aliitoa marehemu mwenyewe, baada ya kungoja mwaka mzima. Alimwambia fundi, "Nikikungoja wewe useme, tutazeeka wote kwenye benchi hili." Mungu akawajalia binti na mvulana.

Mwaka 2008 mzee mmoja wa jamii yao, mwenye mguu mmoja na sukari kwenye damu, alikwenda hospitali ya mji akiwa na kidonda kwenye mguu uliobaki. Akaulizwa hali, akajibu, "Mzima." Wakaandika kwamba hana tatizo. Wiki tatu baadaye walimkata mguu wa pili. Marehemu alifunika cherehani, akaanza kukaa kwenye benchi la wagonjwa kila Jumanne na Alhamisi, akiwasemea walemavu wa jamii ndogo ndogo kama yao. Walinzi walimfukuza, akarudi. Wakamfukuza tena, akarudi na mto wa kukalia.

Tarehe 3 Februari 2009 daktari mkuu alimwita ofisini. Shavu la daktari lilikuwa limevimba.

"Mama, sisi tunaandika wanachosema wagonjwa," daktari alisema. "Tutajuaje wanachoficha?"

"Ni kweli, daktari. Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Marehemu akamtazama. "Hujambo kweli, baba?"

Daktari akashika shavu, akacheka kwa uchungu. "Hili jino halijanipa usingizi tangu juzi."

"Umeona? Na wewe ni mwenyeji hapa."

Kabla mwaka haujaisha, karatasi ya mapokezi ilikuwa na mistari miwili: jibu la kwanza na jibu la pili. Wakalimani watatu waliajiriwa. Kitanda cha kupimia kilishushwa ili mwenye kiti apande bila kunyanyuliwa kama gunia, na ngazi za mlangoni zikawekewa mteremko. Ukutani palibandikwa maneno mawili, "ULIZA TENA", na kuanzia hapo watu wakasahau jina la marehemu, wakamwita Mama Uliza Tena. Mzee wa kidonda, sasa naye akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa wa kwanza kupita kwenye mteremko ule. Alishuka na kupanda mara nne, eti anaukagua.

Mwaka 2022 figo za marehemu zilianza kuchoka. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 11 Agosti 2024, wodi namba tatu. Muuguzi mgeni, asiyemjua kabisa, alimuuliza hali akajibu, "Mzima." Muuguzi akavuta kiti, akakaa, akauliza tena. Marehemu alimshika mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa sita mchana, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mume, binti, mwana, mkwe, mjukuu mmoja, kaka na dada yake, pamoja na wote wanaoulizwa mara mbili. Amani ya Mungu impokee, naye apumzike kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi ya Jumamosi ile ya mwisho, mumewe alimkuta macho. "Unaendeleaje, mama?"

"Mzima."

Fundi akachukua chupa kwenda kujaza maji. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka, akamtazama usoni, akauliza tena.

"Afadhali umeuliza, fundi," alisema. "Nimechoka, safari hii sirudi nyumbani. Lakini tumewaweza. Kiti changu usikifungie stoo. Kaza breki, umpe anayekingoja."