Majina Arobaini na Moja ya Bi Delphine Rucker

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Delphine Rucker anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Afya ya Akili cha Mtaa wa Wren kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1994 kupokea simu. Anaondoka akiwa mkuu wa huduma za majumbani, cheo ambacho hakikuwapo mpaka alipokibuni mwenyewe.

Sote tuliofanya naye kazi tumewahi kuhojiwa. Siku yangu ya kwanza hapa Milwaukee aliniuliza kwa nini navaa saa mkono wa kulia, bibi yangu alizikwa wapi, na nani alinifundisha kula supu bila pilipili. Nikadhani ananichunguza. Wiki ile ile nikamkuta akimhoji fundi wa bomba, amepiga magoti kando yake, kichwa chini ya sinki. Bi Delphine haulizi ili apate la kusema. Anauliza kwa sababu hajui, na kutojua kunamwasha kama upele.

Swali lililokibadilisha kituo chetu aliliuliza majira ya baridi ya mwaka 2014. Wakati ule, aliyeomba kuonana na mshauri alisubiri wiki kumi na moja. Zamu yake ikifika tulimpigia simu. Asipopokea mara tatu, tulilikata jina lake na kuandika "hahitaji tena". Bi Delphine akaja na orodha ile kikaoni.

"Hivi nani kati yenu anajua kwamba hawahitaji?"

 

Basi akachukua majina arobaini na moja yaliyokatwa, akavaa mabuti ya theluji, akaenda kubisha hodi. Wengine walikuwa wamehama. Akina mama wawili walikuwa wamebadilisha namba ya simu tu. Watatu walikuwa wamekufa kwa risasi, mmoja wao kwa mkono wake mwenyewe. Siku aliyojua hilo alirudi ofisini akakaa na koti lake mpaka jioni bila kulivua.

Jina la ishirini na sita lilikuwa la Harlan Tatum, fundi wa mapaa, ambaye mpwa wake alipigwa risasi akafa Septemba ya mwaka ule. Mlango ulifunguliwa nusu. Maneno yao tunayajua kwa sababu wote wawili hupenda kuyasimulia, ingawa hawajakubaliana nani alianza ukali.

"Nimepiga simu tangu vuli. Leo ndiyo mnakuja? Na kalamu?"

"Nimekuja na masikio pia, kaka. Kalamu naweza kuiacha nje."

"Nje baridi, wino utaganda."

"Basi tukaribishe sote wawili, mimi na kalamu yangu."

Akamkaribisha. Harlan alimjua aliyemuua mpwa wake, na kituo anachonunulia petroli. Bastola ilikuwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya nyundo.

"Kuna siku namtaka yule," Harlan alisema. "Kuna siku najitaka mwenyewe."

"Na leo ni siku gani?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nilipiga simu."

Bi Delphine hakuhubiri. Aliuliza tu ile bastola ingeweza kulala wapi kwa muda. Polisi Harlan hakuwataka. Ndipo wakaenda pamoja hadi duka la silaha upande wa magharibi, kwa mzee Dale Wojcik, ambaye wote wawili hawakumfahamu. Bi Delphine akamuuliza kama duka linaweza kumtunzia mtu silaha mpaka moyo wake utulie.

"Miaka thelathini nauza bunduki," mzee akasema, "na hakuna mtu wa kliniki aliyewahi kuingia humu kuniuliza chochote." Akafungua kabati la chuma.

Bastola ilikaa mle miezi kumi na minne. Kila Jumanne Bi Delphine na mshauri wetu walikwenda kwa Harlan. Mwishowe ni Harlan mwenyewe aliyesema iuzwe.

Mwaka uliofuata madiwani walitaka kutuondoa kwenye bajeti. Kwenye kikao cha wazi diwani mmoja alisema risasi zote hizi ni kazi ya vichaa, na vichaa hawatibiki kwa mazungumzo. Sijawahi kumwona Bi Delphine amekasirika vile.

"Hapana, mheshimiwa. Wagonjwa wetu wengi hawajamgusa mtu. Wao ndio hupigwa. Mimi naongelea msiba, hofu, usingizi uliokimbia, na bastola iliyo karibu. Wewe ungesubiri wiki kumi na moja?"

Diwani akafungua mafaili yake. Akasimama Harlan, lami ya mapaa ingali kwenye suruali. "Mimi nilikuwa jina lililokatwa," alisema. "Huyu mama asingebisha, mngezika watu wawili." Akakaa.

Kura zilikuwa nane kwa saba. Fedha zikapita. Leo mtu anasubiri siku nne, na hakuna jina linalokatwa kabla mmoja wetu hajafika mlangoni.

Si kila mlango ulifunguka. Mwaka 2019 tulimpoteza Roslyn Petrie, ambaye Bi Delphine alimtembelea kwa miaka miwili. Mpaka sasa, kila vuli, huenda kunywa kahawa na mama yake Roslyn. Aliwahi kuniuliza ni swali gani hakumuuliza yule binti. Sidhani kama jibu lipo.

Jumatatu Harlan Tatum, aliyesomea kazi hii na kujiunga nasi mwaka 2018, ataanza kuongoza huduma za majumbani. Bi Delphine naye amejiandikisha darasa la kupiga kodiani, kinanda cha kuvuta na kubana ambacho hajawahi kukishika, kwa kuwa anataka kujua pumzi yake inatoka wapi.

Karibuni ukumbini Ijumaa saa sita mchana, samaki wa kukaanga watakuwapo. Bi Delphine, asante kwa kila mlango ulioubisha. Uishi vyema, ulale mpaka saa uitakayo, na majirani zako Mungu awape subira.