Profesa Atakuja Kesho

Kijiwe chetu cha Kikula kiko mbele ya nyumba ya Mama Clémentine: benchi moja, birika moja, na wataalamu wa kila kitu. Asubuhi ile jambo lilikuwa zito. Ukutani kwa ofisi ya komune kulikuwa na tangazo: kiwanda cha kusafisha shaba kinataka kuchimba bwawa la maji machafu hatua hamsini kutoka kisima cha Clémentine. Muda wa kupinga unaisha kesho saa sita mchana. Mama huyo hana kisima kingine, na kahawa yetu yote inatoka humo.

Sisi hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa na Profesa Tshimanga, mtoto wa Kikula, miaka thelathini anafundisha sheria ya mazingira na ya utawala kule Lubumbashi.

Stanislas, tunayemwita Injinia kwa sababu alilinda geti la kiwanda, alieleza kazi ya profesa: serikali ikikosea, profesa anaisimamisha mbele ya jaji kama mwanafunzi mchelewaji. Carlos, tunayemwita Gavana kwa ajili ya tai yake, akaona hiyo ndogo. Kwa habari zake, profesa aliliandikia bwawa la umeme la Mwadingusha convocation, barua ya kuitwa mahakamani, na bwawa likafika kwa wakati.

— Kuko minisita moja alimuangusha mara tatu mbele ya jaji, kesi ya mito michafu, akasema Gavana. Mpaka leo ule muntu anaogopa mito.

— Kesho atakuja, akasema Injinia. Nilituma neno kwa ndugu yake, kisha ya misa.

— Na miye nilituma salamu, akasema Gavana. Atajua mwenyewe.

Ndipo akapita Danielle, mpangaji mpya wa Clémentine, aliyesoma kwa Tshimanga kule Lubumbashi, na ndoo yake. Akasikiliza kidogo, akaitua.

— Bapapa, profesere alituambia kila mwaka: biro ya komune haijibu salamu, inajibu barua. Barua yenu balipiga muhuri siku gani?

Injinia akamtazama Gavana. Gavana akanyoosha tai. Mimi nikachunguza kikombe, ingawa kilikuwa kitupu.

— Tangazo iko pale tangu siku ngapi? akauliza Clémentine.

— Makumi mbili na tisa, nikajibu polepole.

Clémentine akamwaga mtaroni kahawa iliyobaki kwenye birika. Akafuta benchi kwa ncha ya kitenge.

— Injinia, simama. Mutoto anataka meza. Gavana, enda utafute bic ya kuandika.

Danielle akapiga magoti mbele ya benchi, daftari wazi, akauliza aanze na jina la nani.

— Yangu, akasema Clémentine. Hawa bataweka alama ya vidole chini ya barua.