Komeo, Kipa Aliyewazuia Hata Wanawe

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye barabarani ashike usukani vizuri. Leo tunamkumbuka Komeo. Amefariki dunia wiki hii, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Komeo, kipa wa mpira wa magongo. Komeo, fundi makochi aliyekuja kuwa tajiri. Komeo, baba wa watoto watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumfunga bao.

Subirini, nitawaeleza.

Mpira wa magongo unachezwa kwa fimbo iliyopinda mwishoni. Mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe. Ukikupata mdomoni, daktari wa meno anapata kazi. Sasa mfikirie mtu anayesimama mbele ya mpira huo kwa hiari yake.

Komeo hakuja uwanjani kucheza. Alikuwa kijana mshona makochi, ametumwa kupeleka mito ya viti vya wageni wa heshima. Kipa wa timu alikuwa ameteguka mguu asubuhi ile, na kocha alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akamtania yule kijana, "We unaweza kusimama golini?"

Kijana akajibu, "Kusimama naweza, mzee. Mengine nitayaona hukohuko."

Vikinga vya miguu havikumtosha. Akachukua mito aliyoileta, akaifunga miguuni kwa kamba. Uwanja mzima ukacheka. Mechi ilipokwisha hakuna aliyekuwa anacheka, maana mpira haukupita. Wageni wa heshima walikaa kwenye mbao tupu na hawakulalamika.

Ndipo wakamwita Komeo. Mlango ukishatiwa komeo, utagonga mpaka uchoke. Alidakia timu ya taifa mpaka mvi zikaanza kuchungulia. Kuna fainali moja aliyovunjwa kidole, akafungwa kitambaa, akarudi golini. Wapinzani wakapewa penalti. Akaizuia kwa mkono uleule. Mimi nilikuwepo uwanjani, wasikilizaji wapendwa, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisisimka.

Na utajiri je? Watu walisema mengi. Wengine walidai ni dawa, wengine walidai ni fadhila za wakubwa. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alicheka nilipomwuliza. "Magongo yalituletea vikombe vya kuwekea kalamu," akasema. "Hela tumezitoa kwenye sindano." Na ndivyo ilivyokuwa. Komeo alistaafu mpira, akarudi kwenye makochi. Alianza na cherehani moja barazani. Akaishia na karakana ambayo ukisimama mlango huu humtambui mtu aliye mlango ule. Hoteli, hospitali, majumba ya sinema, wote walikalia kazi yake. Akajenga nyumba ya ghorofa, akanunua magari. Lakini viti vya sebuleni kwake alivishona mwenyewe mpaka mwisho.

Sasa tuingie ndani ya nyumba hiyo, maana maajabu yenyewe yako huko.

Kwa Komeo kulikuwa na sheria moja. Ukitaka jambo kubwa, unatoka uani na gongo. Yeye anasimama kwenye geti la gari. Unapiga mara moja; ukifunga, umepata. Unataka kuhama shule? Piga. Unataka kuoa? Piga. Mkewe peke yake ndiye aliyewahi kufunga. Alitaka jiko jipya, akapiga wakati mzee ameinama kufunga kamba za viatu. Mzee akakata rufaa. Rufaa ikatupwa.

Watoto hawakufunga hata siku moja. Ila mara nyingine walipewa walichotaka, mara nyingine wakanyimwa, na mara zote walikuwa wamekosa bao. Wakakua bila kuelewa. Kitinda mimba, binti yake wa pekee, ananiambia, "Kaka zangu walisema baba anaamua kwa jinsi alivyoamka."

Huyu binti alirithi gongo. Alicheza mbele, timu ya wanawake, na makipa walimjua kwa kumwogopa. Akaingia karakanani akiwa bado anacheza. Alijua ngozi, alijua sponji, alijua mteja msumbufu kabla hajafungua mdomo. Alichokitaka maishani ni kuiongoza karakana ile. Lakini kaka zake wawili walikuwa wakubwa, na wao pia waliitaka.

Mwaka huu moyo wa Komeo ukachoka. Miguu ikavimba, akawa mtu wa kukaa. Siku moja akasema, "Nipelekeni getini. Nataka kujua nani atachukua funguo za karakana."

Wakambeba na kochi lake, wakamweka katikati ya geti. Baba mgonjwa, hana vikinga, hana glovu.

Kaka mkubwa akausukuma mpira taratibu. Nani ampige baba yake anayeumwa? Komeo akausimamisha kwa kandambili. Wa pili akausukuma taratibu zaidi, mpaka mzee akauliza, "Unafika leo?"

Ikawa zamu ya kitinda mimba. Akipiga kweli, anaweza kumuumiza baba. Akibembeleza, baba ataona. Akamgeukia mama yake. Mama akamwambia, "Mwanangu, tangu augue kila mtu anamshika kama yai. Piga."

Akapiga. Wasikilizaji wapendwa, akapiga kwa nguvu zake zote. Kaka mkubwa alifumba macho. Ukasikika mlio mmoja.

Komeo alikuwa ameudaka. Kwa kiganja kitupu. Mgonjwa wa moyo, juu ya kochi, ameudaka mpira ambao makipa wazima walikuwa wanaukimbia.

Binti akajitupa magotini pake, analia. "Baba, nisamehe. Nimekosa."

"Umekosa nini?" mzee akasema, huku anahema. "Umenipiga kama kipa. Hawa wamenipiga kama maiti." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa. "Katika nyumba hii hajawahi kunyimwa aliyepiga kweli. Hamkuona tu."

Kiganja kilivimba, kikawa cheusi. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa. "Binti yangu huyo," mzee alikuwa anasema, na uso wake, mkewe anasema, ulikuwa uso wa siku za fainali.

Kwa mama, mke wa Komeo, pole sana. Kwa vijana wake wawili, poleni, mlimpenda kwa njia yenu. Kwa kitinda mimba, pole, binti, na hongera. Mola ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani una mzee. Umeacha kubishana naye. Umeacha kumwuliza ushauri. Unamwitikia ndiyo, ndiyo, ili alale. Jioni ya leo mpelekee jambo gumu, lile linalokusumbua hasa, uliweke mbele yake. Utashangaa mikono yake bado inadaka.